Zana ya Kuondoa Jina

Ukitaka kumjua mtu, kaa naye dirishani miaka kumi na tisa. Mimi nilikaa naye. Yeye dirisha la kwanza, mimi la pili, na katikati yetu ubao mwembamba wenye tundu tulilopitishia kalamu, pipi za kikohozi na umbea. Hospitali nzima ilimwita Penseli. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Mimi aliniita Mdomo, na anayenijua hajawahi kuuliza kwa nini.

Nasimulia haya kwa sababu siku hizi watu wanamsema ovyo. Wengine wanasema aliua mtu. Wengine wanasema iliyoua ni mashine, yeye mwacheni. Wote hawajui wanachokisema, na mimi nikimsikia mtu anapayuka jambo asilolijua, damu inanichemka. Kwa hiyo kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Kazi yetu ilikuwa orodha ya upasuaji wa moyo. Hospitali yetu haina daktari wa moyo wa kudumu. Yupo bingwa mmoja anayekuja na watu wake mara nne kwa mwaka, wanakaa siku sita, wanapasua wagonjwa kumi na wawili, wanafunga mizigo yao wanaondoka. Kumi na wawili, si kumi na watatu. Wanaongoja huwa mia na ushee. Wiki mbili kabla ya kila safari, wale kumi na wawili wa juu wanatumiwa ujumbe wa simu: unakuja au huji? Asiyejibu mara mbili, jina lake linaondolewa, nafasi anapewa anayefuata, naye anarudi mkiani. Huo ndio utaratibu ulioandikwa. Umebandikwa ukutani juu ya kichwa changu, karatasi imeshageuka manjano.

Sasa, kuna utaratibu ulioandikwa, halafu kuna Penseli.

Penseli hakuwahi kuondoa jina la mtu kwa sababu ya ujumbe. Asipojibiwa, alivuta droo, akatoa kadi ya mgonjwa, akaigeuza. Nyuma ya kila kadi, pembeni kabisa, kulikuwa na maandishi madogo ya penseli: namba ya jirani, ya duka, ya mwalimu, ya binamu anayeaminika. Na neno moja mawili ya kumsaidia. "Jirani, mkali, msalimie kwanza." "Duka la kona, mchana hawapo." "Mkwe, usimwambie habari ya ugonjwa." Aliandika kwa penseli kwa sababu namba za watu hubadilika na wino haufutiki. Penseli yenyewe ilikaa kwenye nywele zake, imechongwa kwa wembe, fupi kama kidole gumba. Basi atapiga simu, atasalimia, atauliza habari za nyumbani hadi mimi nipige miayo, na mwisho wake mgonjwa atapatikana. Mama mmoja alipatikana harusini, anacheza, na moyo wake ule mbovu. Penseli alimgombeza kwenye simu mpaka muziki ukazimwa.

Zamani mkaguzi mmoja alikuja akazikuta kadi zile. Alimfokea mbele ya wagonjwa: kadi ni mali ya ofisi, hazichorwichorwi. Penseli hakuacha, ila tangu siku ile aliandika kwa herufi ndogo zaidi, na mtu akisogea alifunika kwa kiganja. Akawa anaona haya kwa jambo lake jema. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililotuponza.

Nyumbani aliishi na mumewe, mzee mstaafu, mcheshi, katika vyumba viwili vilivyojaa vikaratasi. Jikoni: "Jiko hili huwaka upande wa kushoto tu. Kulia usijaribu, linalipuka." Mlangoni: "Inua kidogo ndipo uzungushe ufunguo." Mumewe alikuwa akiniambia, "Shemeji, wenzangu wana wake wanaosema. Mimi wangu anabandika." Na Penseli anacheka mpaka machozi.

Kwa hiyo Karani Mpya alipoletwa, hakuna aliyeshangaa kwamba Penseli ndiye aliyeambiwa amwandikie.

Karani Mpya si mtu. Ni akili bandia iliyowekwa kwenye kompyuta ya ofisi ifanye kazi yetu ya orodha: itafute kadi, itume ujumbe, ipange siku. Ilikuja na Mhandisi, mwanamke mpole wa miwani mikubwa, ambaye alituketisha mezani akatueleza.

"Huyu Karani wenu amepewa zana kumi na nne," alisema. "Kila zana inafanya jambo moja. Lakini yeye hazioni zinavyofanya kazi ndani. Anachokiona ni jina la zana na maelezo yake. Anasoma maelezo, ndipo anachagua. Kwa hiyo anayeandika maelezo ndiye anayemfundisha kazi."

"Asipoelewa atauliza?" Penseli akamuuliza.

"Ukimwandikia aulize, atauliza. Usipomwandikia, ataendelea kwa alichonacho."

Penseli alitikisa kichwa. "Kwa hiyo ni karani asiyechoka, asiyechelewa, asiyeuliza."

"Na asiyepiga umbea," nikasema. "Mungu wangu, tutakaaje naye?"

Kabla ya hapo vibarua sita walikuwa wameingiza kadi zetu kwenye kompyuta. Mmoja wao alikuja dirishani na kadi mkononi, ameigeuza. "Mama, na hizi za penseli nyuma, tuziingize?" Nilimwona Penseli akiona haya ile ile ya siku ya mkaguzi. "Achaneni nazo," alisema. "Hizo ni zangu tu." Vibarua wakaingiza yaliyoandikwa kwa wino. Mimi nilikuwa pale, mdomo huu mnaousikia ulikuwa pale pale, na haukufunguka.

Akaanza kuandika. Maelezo ya kwanza aliyompelekea Mhandisi yalisema, "Zana ya kutafuta kadi hutafuta kadi." Mhandisi alicheka kwa adabu. "Hapo umeniambia kisu kinakata. Kinakata nini? Nikitumie lini? Lini nisikitumie? Nikikosea kitaniambiaje?" Penseli akarudi mezani ameuma midomo. Tukajaribu: Karani akaambiwa atafute kadi ya mgonjwa fulani kwa jina, akaleta kadi kumi na moja za watu wenye jina moja, halafu bila wasiwasi akachagua ya kwanza. Penseli akaandika: "Zana hii hutafuta kadi kwa namba ya kadi. Usitafute kwa jina, majina hufanana. Ikikosa kadi, italeta neno HAKUNA. Hapo usikisie, mwombe mtu namba." Siku nyingine Karani alichanganya zana mbili, ya kuahirisha na ya kupanga upya. Penseli alitafuna pipi nne, kisha akaandika kwenye kila moja inavyotofautiana na mwenziwe. Karani hakukosea tena.

Penseli akaipenda kazi ile, jamani. Nisiwafiche. Mwanamke wa miaka hamsini na sita alikuwa anaingia ofisini asubuhi macho yanang'aa. "Mdomo," ananiambia kupitia tundu, "miaka yote hii mambo haya yalikuwa kichwani mwangu tu. Nikidondoka leo yangekwenda nami. Sasa yapo mahali."

Na kila alipomaliza maelezo ya zana moja, alinisomea mimi. "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kweli?"

"Weee, mimi mtoto? Nimeelewa."

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilikuwa nikielewa kwa sababu nilikuwa najua. Alipoacha pengo, mimi nililijaza kwa ya kwangu wala sikuliona. Alikuwa anamwandikia asiyejua lolote, halafu anayajaribu kwa mtu anayejua kila kitu. Sisi wawili tulifanya kosa hilo mara kumi na nne.

Zana ya kumi na moja ilikuwa ya kuondoa jina. Maelezo yake nayakumbuka neno kwa neno: "Zana hii huondoa jina la mgonjwa kwenye nafasi yake na kulirudisha mwisho wa orodha. Itumie baada ya mgonjwa kutumiwa ujumbe mara mbili, kwa siku tatu kati ya mmoja na mwingine, bila kujibu. Usiitumie kwa aliyejibu, hata kama jibu lake halieleweki. Inahitaji namba ya kadi." Mhandisi alisema hayo ndiyo maelezo bora kuliko yote. Aliponisomea mimi, kufika "bila kujibu", kichwani mwangu nilisikia droo ikivutwa na simu ikipigwa. Kwenye karatasi haikuwepo. Nikasema nimeelewa.

Sasa niwajulishe Fundi Viatu.

Alikuwa mshonaji viatu, mtu wa makamo, mwembamba, mlango mmoja wa moyo wake umelegea, akipanda ngazi tatu anasimama kama anayetazama mandhari. Alikuwa kwenye orodha yetu mwaka wa nne. Kila akija kliniki alikuja na sindano na uzi mfukoni, na akiwa kwenye benchi alishona viatu vya wagonjwa wenzake. Kusoma hakujua. "Mimi na herufi hatujawahi kutambulishwa," alikuwa akisema. Alichungulia chini ya dirisha letu akatuambia, "Nyinyi mnakaa upande. Visigino vyenu vyote vinaisha kushoto. Kaeni sawa, mtazeeka na mgongo." Penseli alimpenda kama kaka.

Siku moja, Karani akiwa ameshaanza kazi, Fundi alikuja dirishani. "Mama Penseli, simu yangu imekufa maji. Imetumbukia kwenye ndoo ya kulowekea ngozi. Sasa ni hii ya mke wangu." Jina lake lilikuwa limeshafika la nane, safari iliyokuwa inakuja ilikuwa yake. Penseli akavuta droo, akatoa kadi, akaigeuza, penseli ikatoka kwenye nywele. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. "Usijali, Fundi. Tutapiga kwa hii." Akarudisha kadi kwenye droo. Kwenye kompyuta hakuigusa namba ya zamani.

Wiki zile mbili za ujumbe, Penseli hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua, naye akaenda kumtunza, likizo yake ya kwanza kwa miaka sita. Mimi nilikuwepo. Zamani ningeitazama orodha kila siku. Safari ile sikuitazama, maana ilikuwa kazi ya Karani, nami nilifurahi kupumzika. Sina la kujitetea.

Asubuhi ambayo wagonjwa walikuwa wanapokelewa, Penseli alikuwa amerudi, anasimulia habari za mjukuu. Nikamwona Fundi anakuja. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, nyuma yake mkewe na begi la nguo na chupa ya maji ya moto. Walikuwa wameshika tarehe kichwani tangu ilipotajwa.

"Nimekuja kwa ile kazi ya moyo," alisema, anatabasamu, anahema.

Nikaandika namba ya kadi. Nikaiandika tena.

"Fundi," nikasema, "jina halipo."

Penseli aligeuka. Akaja nyuma yangu akasoma kioo cha kompyuta. Karani alikuwa ameandika vizuri kabisa, hatua kwa hatua: ujumbe wa kwanza, hakuna jibu, siku tatu, ujumbe wa pili, hakuna jibu, jina limeondolewa. Kila kitu kama alivyoagizwa. Penseli akavuta droo, akatoa kadi, akaigeuza. Namba ilikuwepo, kwa penseli, mwandiko wake.

Alikimbia wodini, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Alirudi baada ya robo saa anatembea polepole. Nafasi ya Fundi alikuwa amepewa mwalimu wa shule, mama wa watoto wawili, ameshavalishwa gauni la upasuaji, ameshalala. Daktari alisema kumi na wawili ni kumi na wawili.

"Ningemtoa nani, Mdomo?" aliniambia. "Nimesimama mlangoni, yule mama akanitabasamia."

Fundi ndiye aliyetufariji sisi, hebu fikirieni. "Basi safari ijayo. Moyo umengoja miaka minne, utashindwa miezi mitatu?" Kisha akachungulia chini. "Kile kisigino chako, mama, kimekwisha kabisa. Vua nikakishone nyumbani." Penseli alivua viatu vyote viwili akampa, akashinda siku ile kwa kandambili za chooni. Kabla Fundi hajaondoka, Penseli alimwandika namba moja kwenye orodha ya safari iliyofuata.

Msimamizi wetu alipopata habari alisema ni kosa la mfumo. Mfumo! Mfumo ni nani? Una miguu? Ungekuja dirishani kumtazama Fundi na shati lake la pasi? Nilimwambia hivyo hivyo, nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo.

Wiki ya saba Fundi alifariki. Asubuhi, ameketi kwenye kiti chake cha kazi, kiatu cha mtu kimekaa magotini. Tulikwenda mazishini mimi na Penseli. Tulipita mbele ya mwili wake kumuaga. Penseli alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa, ikabidi nimshike mkono.

Siku ya kumi baada ya mazishi mkewe alikuja dirishani. Hakulia, hakugomba. Afadhali angegomba. Aliweka mbele ya Penseli kadi ya kliniki ambayo mumewe aliitunza nyumbani, na viatu vimefungwa kwenye gazeti, vimeshonwa, visigino vipya. Kisha akaweka simu ndogo juu ya kaunta.

"Namba uliyoandika ni ya hii," alisema. "Wiki zile mbili ilikaa kifuani mwangu hapa. Nikienda kuoga naikabidhi kwa mtu. Yeye akaniuliza, mbona kimya? Nikamwambia tulia, hawa lazima watapiga. Miaka yote huwa wanapiga."

Yule mama akachukua simu yake akaondoka.

Kwa utaratibu, siku ile ile tulitakiwa kuingiza kwenye kompyuta kwamba mgonjwa amefariki, jina litoke. Penseli aliiweka ile kadi kwenye droo akaifunga. Nilimkumbusha mara moja tu. "Lile jina, dada." Akanijibu, "Najua." Sikuthubutu tena.

Badala yake alijifunga kibwebwe. Kadi mia moja arobaini na tatu, kila moja ikageuzwa, kila namba ya penseli ikaingizwa. Mimi nasoma, yeye anaandika. Mumewe alituletea chakula ofisini, akatuweka mezani, akamtazama mkewe, akaondoka bila mzaha wowote. Mhandisi akamwongezea Karani zana ya kupiga simu na kuongea, kisha Penseli akaandika upya maelezo ya zana ya kumi na moja. Nikanyoosha shingo kwenye tundu nikamwambia, nisomee.

"Hapana," alisema. "Wewe unajua mno."

Nilikasirika. Halafu nikaelewa, na ilikuwa mbaya zaidi.

Alimpelekea mjane wa Fundi. Nilikwenda naye. Chumba kilikuwa kimoja, viatu vya watu visivyokuja kuchukuliwa vimepangwa ukutani wawili wawili. Mama yule alikuwa anafua. Penseli alikaa kwenye kigoda, karatasi mkononi.

"Mama, sikuja kuomba msamaha, maana sijui nitauombaje. Nimekuja unisikilize. Jifanye hujui lolote, hujawahi kutuona. Uniambie ungefanya nini."

Akasoma. Zana hii huondoa jina. Mgonjwa asipojibu ujumbe mara mbili, usiondoe. Piga namba ya pili. Usiondoe jina lolote mpaka uandike ni nani aliyethibitisha na alijuaje. Ukipata jibu usilolielewa, usiondoe; muulize karani wa dirishani, na umngoje.

Mjane aliendelea kufikicha nguo, mikono ndani ya povu.

"Umeandika apige," alisema. "Akinibipu je?"

"Vipi, mama?"

"Apige mara moja akate. Mimi hapa nipo kwenye maji. Mpaka nifute mikono, mpaka niitafute, imeshakata. Mwambie angoje. Mtu akiwa na mgonjwa ndani haendi mbio kwenye simu, anaiogopa."

Penseli aliandika hapo hapo, penseli juu ya goti: "Iache ilie mpaka mlio wa ishirini. Wanaopokea ni watu wenye mikono iliyojaa kazi, na wengine wanaogopa. Isipopokelewa, piga kesho saa nyingine. Usibipu." Mhandisi alipoyasoma aliuliza kama kweli lile neno la mwisho libaki. Penseli alisema libaki.

Wiki ya kumi na moja, ujumbe wa safari mpya ukaanza kutumwa. Mchana mmoja, sisi tupo madirishani, jua limejaa ukumbini, kioo cha Penseli kikalia kile kimlio chake. Karani Mpya alikuwa na swali. Tangu aletwe hakuwahi kuuliza.

Nikainuka nikaenda kusoma juu ya bega lake.

"Kadi namba moja kwenye orodha. Ujumbe mara mbili, hakuna jibu. Nimepiga namba ya pili. Imepokelewa kwenye mlio wa kumi na tisa. Nimeuliza: je, mgonjwa bado anaihitaji nafasi yake ya upasuaji? Aliyepokea amesema: aliihitaji safari iliyopita. Nimeuliza tena kama bado anaihitaji. Aliyepokea hakusema kitu na hakukata simu. Jibu sijalielewa. Jina sijaliondoa. Karani wa dirishani, nifanye nini?"

"Mama wa watu," Penseli alisema. "Mama wa watu. Nimempigia simu."

Penseli alikuwa amefanya kila kitu sawa safari hii, isipokuwa lile moja ambalo vidole vyake vilikataa, na Karani alikuwa amefanya kila kitu sawa, na katikati yake yupo mwanamke anayefua ambaye ameulizwa mara mbili kama mumewe bado anauhitaji moyo wake.

"Nipishe niandike mimi," nikasema.

"Kaa," aliniambia.

Akaandika: "Mgonjwa amefariki. Ondoa jina."

Kioo kikamjibu papo hapo, kama alivyokiagiza mwenyewe: "Nani amethibitisha, na alijuaje?"

Aliyatazama maneno yake mwenyewe kwa muda mrefu. Nyuma ya dirisha foleni ilianza kunung'unika; nikawageukia nikawaambia wanyamaze, na kwa uso niliokuwa nao walinyamaza. Penseli akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja:

"Mimi, karani wa dirisha la kwanza. Nilikuwa mazishini. Nilimwona."

Jina la Fundi likatoka. Majina yaliyokuwa chini yakapanda ngazi moja, na wa kumi na tatu akawa wa kumi na mbili. Karani akauliza kama atume ujumbe kwa huyo mpya. Penseli akamwandikia hapana. Kisha akaandika namba ya mjane kwenye kiganja chake, ya kumpigia baadaye akiwa nyumbani, akavuta droo, akatoa kadi ya wa kumi na mbili, akaigeuza. Akainua simu ya mezani.

Nilirudi kwenye kiti changu. Kupitia tundu nilikuwa nausikia mlio upande wa pili, unalia, unalia, hakuna anayepokea. Nilihesabu mpaka kumi na nne nikaacha. Yeye alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ubao, simu sikioni, anangoja.